Kifusi cha Mama Kulwa

Mwezi uliopita Kulwa alinipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki, nami nikatoka Shinyanga kwenda Katoro kuzika. Tuliporudi kutoka makaburini, sisi wanawake tulikaa sebuleni kwa marehemu, kwenye mikeka, tukiletewa wali na maharage kwenye masinia. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, upande wa dirisha nililolipa mgongo. Hapo ndipo niliposikia sauti ya mdogo wake Baba Kulwa akiwasimulia wageni: "Kaka alijitahidi sana. Nyumba ya tofali za saruji, vyumba vitatu, na dari juu, enzi zile ambazo mtaa huu wote ulikuwa wa tofali mbichi!" Hakuna aliyembishia. Niligeuka nikachungulia. Baba Kulwa mwenyewe, mzee sasa, kofia ameiweka gotini, alikuwa akizipokea sifa zile kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayeitikia marahaba. Nilimtazama Kulwa. Kulwa alimtazama pacha wake Doto. Marehemu hata siku moja hajalala kaburini, nyumba yake imeshaanza kupewa mwenyewe mwingine.

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia kwa salamu ndefu kuliko kawaida, mkono wangu unakwenda kwenye mkoba kabla sijaitikia. Mume wangu husema nilizaliwa hivyo. Si kweli. Nilifundishwa Katoro, katika mwaka mmoja niliokaa pale nikiwa na miaka ishirini na miwili, chumba cha mwisho katika nyumba ya Mama Kulwa. Sisemi nyumba hii ya dari nilimokula wali wa msiba. Nasema ile iliyokuwa imesimama palepale kabla yake.

Nilikuwa nimeajiriwa katika redio ndogo ya pale mjini, studio yake ikiwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Kazi yangu ilikuwa kusoma Habari za Ujenzi kila asubuhi, baada ya matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea. Watu wa mbali wanaweza kucheka, lakini Katoro ya mwaka ule ilikuwa inajengwa kwa pupa. Mtu akipata dhahabu leo, kesho anachimba msingi. Keshokutwa dhahabu imekata, msingi unaota nyasi. Kwa hiyo nilisoma bei ya saruji na mabati, nilitaja mchanga wa mto upi umeanza kuja na matope, viwanja vipi vimepimwa, na mbao zimeteremshwa wapi. Wasikilizaji walinipigia simu kuuliza kwa nini plasta inapasuka, na mafundi wakanipigia kusema wenye nyumba ndio wanaobania saruji. Bwana Masanja, mkuu wangu wa vipindi, ndiye aliyenipangia duka lipi litajwe kwanza. Haukupita muda nikaelewa kwamba duka linalotajwa kwanza si lenye bei nafuu, bali ni lile lenye tangazo kwetu. Tangu hapo kila habari niliyopewa niliigeuza na kuitazama chini, kama mtu anayenunua samaki sokoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, rangi ya kijivu, haijapigwa plasta ndani wala nje. Vyumba vinne vilipangana mstari mmoja, bati juu, na dari hakuna. Kuta ziliishia njiani, ikabaki nafasi kati yake na bati, kwa hiyo kila neno lililosemwa chumba kimoja lilitembelea vyumba vyote. Kulwa na Doto walipokuwa wakikariri jedwali la kuzidisha upande ule, mimi nilijikuta nikiwasahihisha kutoka kitandani kwangu. Mama Kulwa alipokohoa, nilimwambia pole bila kuinuka. Sasa nikikaa chini ya dari ile ya jipsamu, siku ya msiba, nilishangaa jinsi watu walivyokuwa wakinong'onezana chumba cha pili na mimi nisiambulie kitu. Mtu wa shuku hapendi dari.

Mama Kulwa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye asili ya Kishapu, na aliuza michembe na karanga sokoni. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, aliipika mwenyewe jioni kwenye mafiga nje, akaitupia karanga za kutwanga, na harufu yake ilinifuata hadi chumbani. Miezi ya mwanzo nilijipikia. Baadaye, na wakati ule sikujali lini hasa, akaanza kuniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na kunikaribisha. "Zuhura, mayu, njoo ule. Chakula cha mtu mmoja hakina ladha." Nilikwenda, tukala ugali wa mtama kwa mlenda au kwa nsansa, yale majani makavu ya kunde ambayo watoto waliyanunia na mimi nikayamaliza. Hakunitoza chochote. Nilijiuliza kwa nini, kisha nikanyamaza, maana mlenda wake ulikuwa mtamu.

Miezi hiyohiyo akaja Lameck. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye shati lililonyooshwa, na alikuja studio akiwa na tangazo. Alisema anafungua kiwanda cha matofali ya saruji, na ili watu waone ubora wa kazi yake, atawajengea nyumba mpya, bure, wakazi wa mtaa wetu. Ndiyo, mtaa wetu, ule ulioota kuzunguka mwalo wa zamani. Mwalo, kwa asiyejua, ni mahali wachimbaji walipooshea mawe yaliyosagwa ili kupata dhahabu. Wenyewe walikuwa wameshahama kwa kukosa maji. Masharti ya Lameck yalikuwa mepesi: nyumba ya zamani ataibomoa yeye, kifusi atakizoa yeye, na mwenye nyumba atakabidhiwa vyumba viwili vya saruji mahali palepale.

"Soma kwa furaha," Masanja aliniambia. "Hii ndiyo habari ya ujenzi ya mwaka."

Nilisoma kwa furaha. Nilipozima maikrofoni nilimuuliza, "Na yeye anapata nini?"

"Jina."

"Jina analipata kwa kujenga nyumba moja. Za mtaa mzima za nini?"

Masanja aliniangalia kwa jicho la mtu anayehesabu matangazo yake. "Dada Zuhura, wewe unalipwa kusoma au kuuliza?"

Mtaa haukulala. Katika nchi ya dhahabu hakuna mtu anayepewa kitu bure akashukuru kwanza, hushtuka kwanza. Bombani wanawake walisema chini ya nyumba zetu kuna mkanda wa dhahabu na Lameck ameshaupima kwa mashine. Wazee walisema si dhahabu, ni rupia za Mjerumani zilizofukiwa wakati wa vita, na jirani yetu Masunga, fundi cherehani, alichimba sakafu ya chumba chake cha kulala mpaka mguu wa kitanda ukazama, akaambulia kifuniko cha sufuria. Wengine walisema Lameck anataka kuzika dawa zake za uganga kwenye misingi ili biashara zimwendee vizuri. Hata hivyo nyumba za kwanza zilibomolewa, na za saruji zikapanda kweli, nzuri, zimenyooka. Lisemwalo lipo, waliendelea kusema, lakini walisema huku wakipanga foleni.

Mama Kulwa hakupanga foleni, wala hakusema kitu. Aliposikia habari alinyanyua mabega tu na kuendelea kupepeta karanga.

Wiki zile Baba Kulwa akarudi kutoka Segese alikokuwa akichimba. Nilikuwa nimemwona mara chache sana. Alikuwa mtu wa vichekesho, anajua kubembeleza, na watoto walimkimbilia. Safari hii alikuja na viatu vipya, na kitenge kwa ajili ya mkewe. Kabla hajamaliza chai akaanza kuizungumzia nyumba. Kuta zimezeeka. Mvua zikija itaanguka na watoto. Lameck ni mtu wa Mungu. Nilimsikiliza nikiwa mlangoni kwangu nafua, na nikajisemea: mtu huyu mwaka mzima hajapigilia msumari kwenye mlango unaoning'inia, leo amekuwa na uchungu na nyumba! Mama Kulwa alikunja kile kitenge vizuri, akakiweka juu ya kabati, hakukijaribu hata kiunoni.

Siku chache baadaye nilitoka kazini mapema nikajilaza, jua likiwa kali na bati likilialia juu. Mama Kulwa alikuwa sokoni, watoto shuleni. Nilisikia viti vinavutwa sebuleni, kisha sauti ya Baba Kulwa na ile sauti ya upole ya Lameck. Hawakujua kwamba nimo. Sikuinuka wala sikukohoa.

"Nataka mtu mmoja wa kusaini," Lameck alisema. "Mwenye nyumba ni nani?"

"Si mimi hapa?"

"Majirani wananiambia tofali alifyatua mkeo. Wanasema wewe ulikuwa machimbo, yeye ana mimba, anabeba udongo kwa karai. Wanawake wa hapa wote waliona."

"Waliona, ndiyo. Ndiyo maana nakwambia bomoa kwanza. Tofali zikiondoka na maneno yataondoka. Nyumba ya saruji nani atasema kafyatua yeye?"

"Na yeye na watoto wakati wa ujenzi?"

"Nitawapeleka kwao Kishapu wakapumzike. Nyumba ikiisha, tutaona."

Kisha Lameck akasema, "Mambo ya ndani kwenu mimi simo. Mimi shida yangu kifusi." Akakohoa, akaongeza haraka, "Yaani, uwanja uwe safi."

Nililala pale nikiangalia bati. Neno lililoniuma ni lile "tutaona." Nimelisikia mara nyingi tangu siku ile, kwa wakubwa wa kazi, kwa madalali, kwa ndugu wa mume, na kila ninapolisikia najua uamuzi umeshafanywa na mimi ndiye sijaambiwa. Nilimhurumia Mama Kulwa, na papo hapo nilijiogopea mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini nguo hii haikuwa yangu. Nikimwambia mke, nimeingilia ndoa ya watu, na chumba nitahama. Nisipomwambia, siku moja atarudi kutoka Kishapu akute pazia la mwanamke mwingine dirishani.

Nilimwambia jioni ileile, nje kwenye mafiga, mumewe akiwa ameenda kuangalia mpira kwenye kibanda cha video. Nilitegemea atalia au atanifokea. Aligeuza ugali, akaupiga piga kwa mwiko, akasema, "Nilijua. Mume wangu akiniletea kitenge ambacho sijaomba, mimi naanza kufunga virago."

"Sasa utafanyaje, mama?"

"Sijui. Nikikataa, atabomoa nikiwa sokoni. Ni mume, nani atamzuia? Nyumba hii sina karatasi yake, mayu. Karatasi yangu ni macho ya hawa wanawake, waliniona nikiifyatua." Akaipua sufuria. "Nisichokijua ni kimoja. Baba Kulwa anataka nyumba, hilo nimelielewa. Lameck yeye anataka nini?"

Nilimweleza maneno ya Lameck kuhusu kifusi. Kisha nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo wa wiki, jambo la kikazi kabisa. Nilipokuwa nikikusanya bei za moramu, ule udongo mwekundu wa kujazia misingi, wenye malori waliniambia imeadimika kwa sababu Lameck anainunua yote. Na wasikilizaji wangu kila siku walikuwa wakipiga simu kuuliza kile kifusi cha nyumba zilizobomolewa kinamwagwa wapi, wakaombe cha kujazia misingi yao. Hakuna aliyekuwa amekiona. Mjenzi yeyote hujazia msingi kwa kifusi cha nyumba aliyoibomoa palepale. Huyu anakipakia kwenye lori anakipeleka kusikojulikana, kisha ananunua moramu ya kuja kujazia shimo.

Mama Kulwa aliacha kula. Tonge lilikuwa mkononi mwake.

"Udongo wa tofali hizi," alisema polepole, "niliubeba kutoka mwaloni. Sote mtaa huu. Ulikuwa umetupwa tu pale, laini, unashika vizuri. Waoshaji walishamaliza kazi nao."

"Waliumaliza kwa zebaki," nilisema.

"Kwa zebaki." Alirudisha tonge kwenye sahani. "Na zebaki haishiki dhahabu yote. Inashika ile ya kuonekana."

Mwaka ule ndipo matajiri walipoanza kuleta mitambo ya kuchenjua kwa dawa, matangi makubwa yanayonyonya hata ile dhahabu isiyoonekana. Udongo uliokuwa umetupwa ukaanza kugombewa, ukaitwa marudio. Marundo yote ya wazi yalikuwa yameshazolewa, pale mwaloni kumebaki mashimo matupu. Hakuna aliyekumbuka kwamba rundo kubwa kuliko yote lilikuwa limesimama wima, limeezekwa bati, na watu wanalala ndani yake. Lameck alikuwa amekumbuka.

Sikuridhika na kubuni. Kesho yake nilipomaliza kipindi nilimpandisha Mama Kulwa kwenye bodaboda pamoja nami, tukalifuata lori la kifusi kwa mbali, vumbi likitujaa mdomoni. Liliacha barabara ya Ushirombo, likaingia kwenye uzio wa mabati, na kupitia mlango uliofunguliwa tuliona matangi, na kando yake mtaa wetu umelala chini, matofali ya kijivu yakipondwa na vijana kwa nyundo. Mama Kulwa alishika bega langu kwa nguvu. "Ile ni nyumba ya Mama Shija," alisema. "Naijua kwa tofali zenye maganda ya karanga. Alikuwa anatafuna huku anafyatua."

Njiani kurudi nilimwambia tuitangaze. Alikataa kabla sijamaliza. "Masanja wako atakubali?" Asingekubali, nilijua. Nilisema basi tuwaambie bombani. Akasema, "Subiri."

Neno lile lilinitia shaka. Alikuwa mtulivu mno. Siku mbili tatu alivaa vizuri akatoka bila kusema anakwenda wapi, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuwaza kwamba naye sasa anakula njama zake, kwamba ataiuza siri hii na kuwaacha wenzake wanadanganywa kwa vyumba viwili. Nilikaa chumbani kwangu nikitega sikio, kuta zile zikinisikilizisha mambo ya watu wote isipokuwa ya moyo wake.

Kumbe alikuwa amekwenda kwa Lameck. Alinisimulia baadaye, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya karanga. Alimkuta kwenye kiwanda chake cha matofali, akamwamkia kwa adabu, akamwambia: "Najua unachobeba. Leo kifusi changu, mwenyewe ni mimi, na nakiuza kwa nyumba. Vyumba vitatu, si viwili. Dari. Karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa jina langu na watoto wangu. Na itangazwe redioni, kwenye Habari za Ujenzi, ili kila mtu asikie."

"Na mumeo?" Lameck aliuliza.

"Ulisema mambo ya ndani kwetu wewe humo. Usiingie."

Lameck alitaka kifusi. Nani anasaini, kwake ilikuwa mamoja, ili mradi lori lijae. Na kutangazwa redioni alikupenda, aliona ni sifa. Basi walikwenda kwa mwenyekiti wakati Baba Kulwa amerudi Segese kumalizia shimo lake, akiamini kwamba mambo ameyapanga, na karatasi ikagongwa muhuri. Kulwa anayo hadi leo, na yule shemeji wa marehemu ana bahati kwamba siku ya msiba sikusimama kumwambia aende akaisome.

Tangazo lililetwa studio na Lameck mwenyewe. Masanja alilisoma akakunja uso. "Mbona limejaa mambo ya mwanamke huyu? Hili ni tangazo la matofali." Lakini lilikuwa la mteja mkubwa, na neno la mteja mkubwa halikatwi. Alinipa nilisome, akiniangalia kwa shuku, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kushukiwa.

Jioni kabla ya kulisoma nilimuuliza Mama Kulwa jambo moja. Nilikuwa nimeishi kwake karibu mwaka mzima na sikuwahi kulijua jina lake. "Niseme nyumba ya Mama Kulwa?"

"Hapana. Ukisema Mama Kulwa watasema nyumba ya Kulwa, na Kulwa ana baba. Sema Minza Shija."

Asubuhi yake, baada ya bei ya mabati, nilisoma kwamba nyumba ya Minza Shija, mtaa wa mwalo wa zamani, aliyoijenga kwa matofali aliyoyafyatua kwa mikono yake mwenyewe, inabomolewa leo kwa ridhaa yake, na kwamba mahali pake anajengewa nyumba ya saruji ya vyumba vitatu, mali yake na ya watoto wake. Majirani wote wanakaribishwa kushuhudia. Jina nililisoma polepole kuliko bei. Sijui kama kuna aliyegundua.

Walikuja wengi, wakasimama wakiangalia kuta zikianguka. Lori la mwisho lilipoondoka, Mama Kulwa alichukua ndoo yake akaenda bombani, akawaambia wanawake wote kilichokuwa ndani ya lori. Nilikuwepo. Vurugu iliyozuka pale sijaiona tena. Tangu siku ile kila nyumba iliyobaki ilidai vyumba vitatu na dari, na Lameck, akifuta jasho, akakubali moja baada ya nyingine. Wapo walioona hata vyumba vitatu ni wizi, wakabomoa wenyewe ili wauze kifusi kwa mitambo mingine. Masunga fundi cherehani aliangusha nyumba yake yote kwa siku moja, akapeleka sampuli, ikatoka kavu kabisa, dhahabu hakuna. Alikuwa amesahau kwamba matofali yake aliyafyatua kwa udongo wa kichuguu, kwa sababu mwaka ule wa kujenga aliwadharau waliokuwa wakibeba tope la mwaloni. Mvua za kwanza zilimkuta kwenye turubai, cherehani ameifunika kwa nailoni.

Waliobomolewa mwanzoni walikasirika, na Mama Shija, ambaye kwa Minza hakuwa ndugu, jina tu, alikaa muda mrefu bila kumsalimia. "Ulijua tangu lini?" alimuuliza mbele ya watu. Minza hakukwepa. Alisema, "Tangu nilipoona maganda yako ya karanga, dada. Ningesema siku ile, Lameck angetoroka na mimi ningebaki na mume." Sina hakika kama ilikuwa haki. Nimelifikiria jambo hili miaka yote na bado sina hakika.

Baba Kulwa alifika baada ya siku chache, akakuta uwanja mweupe na mafundi wanapanga mstari wa kwanza wa matofali. Watoto walimkimbilia kama kawaida. Alipoanza kufoka, jirani mmoja alimwambia, "Tulisikia redioni, Baba Kulwa. Nyumba ya Minza." Mwingine akasema vilevile. Alizunguka mtaa mzima akitafuta mtu ambaye hakusikia. Aliporudi alinikuta nikimenya vitunguu nje ya kibanda cha mabati tulikohamia kwa muda, akasimama juu yangu. "Binti, wewe ndiye uliyebomoa nyumba yangu." Niliendelea kumenya. Alikaa kwenye tofali, akavua viatu vyake vipya, akakung'uta mchanga, kisha akaomba maji. Minza alimpa. Hakumfukuza, wakati ule wala baadaye. Aliishi naye katika nyumba ile mpaka alipofariki, na nadhani mzee amekaa humo miaka mingi mno hata ameshasadiki kwamba aliijenga.

Nilikuwa naondoka Katoro mwisho wa mwezi ule. Masanja alikuwa amenitafutia sababu ya kunifukuza kazi. Jioni ya mwisho tulikaa nje, Minza na mimi, kuta mpya zimefika usawa wa madirisha, na shuku yangu ikanizidi. Nilikuwa nimeunganisha mambo. Alikuwa ameanza kuniita kula jioni baada ya Lameck kuja studio, si kabla. Alijua mimi ni nani na nina maikrofoni. Kila kitu kilikuwa kimempata sawasawa kama alivyotaka, na katika kila kitu mimi nilikuwemo. Nilikuwa nimempenda mwanamke yule kuliko nilivyotegemea, ndiyo maana swali liliniuma.

"Mama," nilisema, "ulikuwa unanilisha kwa sababu nilikuwa mtu wa redio?"

Alinitazama. Angeweza kucheka, angeweza kuapa, angeweza kunionea huruma, na lolote kati ya hayo nisingeliamini.

"Ndiyo," alisema. "Mwanzoni, ndiyo."